Sista Pendo Hakuua

Rungu la Ntutu lilikuwa mezani juu ya gazeti kuukuu, na Sajini Romana alikuwa ameligeuza na kuligeuza tena hata Koplo Gerson akachoka kutazama.

"Afande, hilo rungu halitasema zaidi ya lililokwisha kusema."

"Labda hatujaliuliza vizuri," Romana akamjibu bila kuinua macho.

Kisa chenyewe kilikuwa kimeenea Babati nzima. Jumamosi jioni, mjane mmoja wa Maisaka aitwaye Sabaha alikutwa amelala kifudifudi katika stoo ya mahindi nyuma ya nyumba yake, kichwa kimepasuliwa, pumzi imekwisha kumtoka. Aliyekutwa amesimama karibu na maiti ni mlinzi wake, Ntutu, Mmaasai wa kutoka Simanjiro, ameshika rungu lake mwenyewe lenye damu. Ntutu alisema aliingia zamu, akaona mlango wa stoo uko wazi, akaliokota rungu chini. Majirani hawakutaka kusikia zaidi. Mkuu wa upelelezi, Inspekta Theodory, naye hakutaka kusikia zaidi. Kesho asubuhi mlinzi huyo angesomewa shtaka la mauaji, na kila aliyevaa sare pale kituoni alijua maana yake. Shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu huingia mahabusu mtoto wake akitambaa, akaja kutoka mtoto anachunga ng'ombe, na huyo huhesabiwa kuwa mwenye bahati.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mke wa Ntutu, Nalotuesha, alikuwa amekaa na mtoto wao Seleyian mgongoni. Alikuwa amekaa hivyo tangu Jumapili.

"Yupo mtu mwingine aliyefaidika na kifo hiki," Romana akasema. "Yule shemeji."

Gerson alishusha pumzi. Mazungumzo hayo walikwisha kuyazungumza. Tangu Babati ilipotangazwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya, kiwanja cha Sabaha, ambacho zamani kilikuwa shamba la pembeni lisilotamaniwa na mtu, kilijikuta kikitazamana na barabara ambayo maofisi yangejengwa. Baltazar, ndugu wa marehemu mume wake na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikwenda kwa wazee wa ukoo kukidai, akashindwa. Akaenda tena, akashindwa tena. Sabaha alikuwa mpole wa sauti, lakini si wa kusukumwa.

"Afande, Baltazar alikuwa katika banda la video la Dominiko jioni ile. Watu walimwona akiingia, watu wakamwona picha ilipokwisha. Jumapili alipokuja hapa, muhuri wa banda ulikuwa bado mkononi, niliuona kwa macho yangu. Na picha yenyewe alinisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi niliacha hata kuandika, nikawa nasikiliza. Yule nesi Margaret anavyopanda ngazi ya nyuma na sindano yake ya sumu, nywele zilinisimama. Mpaka wanapomtia pingu. Mtu hawezi kusimulia hivyo jambo ambalo hakuliona."

"Ana deki yake ya diski nyumbani, ya kwanza Maisaka nzima, na kila mgeni huonyeshwa. Banda la Dominiko alilifuata kwa nini?"

"Nilimuuliza. Alisema hajapata kuiona picha hiyo maishani. Alisikia kwamba ni picha ya zamani inayosifiwa dunia nzima, na kwamba sasa ndiyo imetolewa kwenye kanda za kutazama nyumbani. Basi akaona bora akaitazame pale palipokuwapo."

Romana akaliinamia rungu tena. Pale mkono unaposhikia palikuwa na doa la rangi ya zambarau, limesambaa kama kitu kilichofutwa kikiwa kibichi.

"Na hili?"

"Dawa ya mifugo. Ile ya kupulizia vidonda vya mbuzi. Wafugaji wote wanayo."

"Nani aliyesema ni dawa ya mifugo? Ntutu?"

Gerson akasema taratibu, "Hapana, afande. Tulisema sisi."

Romana aliinuka akaenda mahabusu. Ntutu alikuwa amechuchumaa pembeni, shuka lake amelifunga vizuri kana kwamba yuko barazani kwake. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Seleyian. Niambie, mbuzi wa Mama Sabaha ulimtibu lini?"

"Mbuzi yupi? Mama alikuwa na kuku."

"Ile dawa ya zambarau ya kupulizia, unaiweka wapi?"

Ntutu akamtazama kama anayetafuta mtego ulipofichwa. "Mifugo yangu nimemwachia kaka huko Simanjiro. Hapa mjini nitampulizia nani dawa? Geti?"

"Na mchana, ukienda nyumbani kulala, rungu unaliacha wapi?"

"Kwenye kibanda cha geti, nyuma ya mlango. Mtu mwenye kuja pale mara kwa mara anajua. Wa kanisani wanajua. Muuza maziwa anajua. Shemeji yake anajua." Akamsogelea. "Mama, ni kweli watanipeleka kesho?"

"Wamesema hivyo."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi bado sijasema," Romana akajibu, akatoka.

Banda la Dominiko lilikuwa nyuma ya stendi, la mabati matupu, na mbele yake ubao wenye picha ya mwanamke mwenye kofia ya nesi, imechorwa kwa rangi ya mafuta na mtu asiyejua mikono ya binadamu ina vidole vingapi. Dominiko mwenyewe, mnene na mwenye haraka, alikuwa akila ugali kwa perege pamoja na mtafsiri wake, Marseli, mtu mwembamba ambaye sauti yake ilimzidi umbo.

"Karibu, Mama Goodness," Dominiko akamwambia Romana akiinuka. "Kama ni kibali ninacho, nimekitundika."

"Kula, baba. Sikuja kwa kibali. Nataka uniingize kama unavyowaingiza watu wengine."

Dominiko akanawa, akamtazama Marseli, akamtazama sajini, kisha akachukua kipande cha soli ya kandambili alichokichonga kwa kisu, akakigandamiza kwenye kitambaa chenye wino.

"Nipe kiganja."

"Kiganja? Si nyuma ya mkono?"

"Kwa ngozi zetu hizi, mama? Zamani niligonga nyuma ya mkono, muhuri hauonekani, watu wakanipita wanavyotaka. Kiganja hakidanganyi." Akagonga. Katikati ya kiganja cha Romana akatokea kiboko wa ziwani, mgongo wa mviringo na masikio mawili madogo, zambarau tupu. "Usifumbe mkono mapema. Huu wino una kiburi, unachelewa kukauka. Wake za watu wananilalamikia kwa ajili ya mashati."

Romana aliutazama mkono wake kwa kitambo. Kisha akaketi benchi la mbele, kiganja kimeelekea juu gotini.

"Sasa nionyesheni ile picha ya Ngazi ya Nyuma. Kama Jumamosi. Msipunguze kitu."

Jenereta likanguruma. Kaseti ikaingizwa kwenye deki, na kwenye televisheni ikatokea nyumba kubwa ya Ulaya, nyeusi na nyeupe, theluji imejaa paani. Watu wa kwenye picha walifungua vinywa, lakini hakuna kilichosikika.

"Sauti yao iko wapi?"

"Spika ni moja, mama," Marseli akasema akivuta kipaza sauti chake. "Wakisikika wao, mimi sisikiki. Basi tuliwanyamazisha." Akakohoa, akakaa sawa, na alipofungua kinywa banda lote likajaa. "Huyu mnayemwona akishuka garini ndiye Sista Pendo. Ameacha mama yake mgonjwa nyumbani. Amekuja kumuuguza tajiri asiyejiweza, na hajui kwamba nyumba hii ina shetani mwenye shahada. Shetani huyo jina lake ni Dokta Mapembe."

Romana alimwona nesi akipanda ngazi ya nyuma, sindano mkononi, na Marseli akieleza kwamba Sista Pendo ni askari kanzu aliyetumwa kwa siri, na sindano ile ni dawa ya kumwokoa tajiri. Alimwona daktari akimvizia nesi kwenye ngazi, akigeuka ghafla, akiserereka, akianguka mpaka chini na kubaki pale. "Mungu si Athumani," Marseli akatamka kwa uzito wa mhubiri. Mwishoni nesi alitoka nje katikati ya polisi wawili, koti limefunika mikono yake, akaingizwa kwenye gari, na gari likapotea kwenye theluji.

"Na hapa anapelekwa wapi?" Romana akauliza.

"Kupandishwa cheo."

"Na koti hilo mikononi?"

"Baridi, mama. Kule kuna baridi sana."

Romana akageuka kumtazama. "Marseli, Kiingereza unakijua?"

"Nakijua kiasi cha kujua kwamba wanakisema haraka," Marseli akajibu bila kuona haya. "Lakini uso ule niliutazama vizuri. Uso ule hauwezi kuua."

"Na watu wamempenda," Dominiko akadakia. "Wiki nzima ni Sista Pendo, Sista Pendo. Kuna mzee wa Sigino amempa ndama wake jina hilo."

"Hakuna aliyewaambia kwamba hadithi yenyewe siyo?"

"Aseme nani? Kaseti niliitoa Arusha haina hata jalada."

"Mzee Baltazar wa vifaa vya ujenzi alikuwapo Jumamosi."

"Alikuwapo, na nilishangaa, maana si mtu wa hapa kwetu. Nilimgonga muhuri mimi mwenyewe. Akasema tumbo linamsumbua, nikampa benchi la nyuma, karibu na mlango wa chooni. Picha ilipokwisha nikamkuta nje na watu, anawaambia picha ni tamu."

"Mlango wa chooni unatokea wapi?"

"Uchochoroni. Ukiufuata unatokea barabara ya Maisaka."

Romana akawashukuru, akatoka. Njiani alipita kwa Mama Clara, muuza chai wa kituoni, wakazungumza maneno machache mbele ya jiko lake. Mama Clara alikuwa mteja wa Dominiko kila Jumamosi, na hilo mji mzima ulilijua.

Kituoni aliingia ofisini kwa Inspekta Theodory, akaweka rungu mezani, na pembeni ya doa lake akafungua kiganja. Inspekta alitazama kimoja, akatazama kingine. Katika doa lile lililofutika, ukingo mmoja ulikuwa umesalia mzima: mstari wa mviringo, na juu yake sikio dogo.

"Hili linaonyesha kwamba mtu wa bandani alilishika," Theodory akasema hatimaye. "Halionyeshi ni yupi. Bandani waliingia watu wengi, na Baltazar ameieleza picha yote. Jalada la Ntutu liko tayari, Sajini."

"Naomba nimwite Baltazar aieleze tena. Ukiridhika, nitampeleka Ntutu mahakamani mimi mwenyewe."

Inspekta akavuta kiti chake karibu na mlango wa chumba cha pili, akauacha wazi kidogo.

Baltazar alikuja alasiri, suruali yake imenyooshwa vizuri, uso umejaa subira ya mtu mkubwa anayesumbuliwa na wadogo. "Mama Goodness, kazi haziishi? Mimi nilidhani yule Mmaasai amekwisha kukiri."

"Bado, baba. Karibu kiti. Nimekuita kwa jambo dogo. Koplo wangu alikusikiliza Jumapili, akasahau kuandika, picha ilimchukua. Naomba unisaidie kuisimulia tena, tufunge jalada."

Baltazar akacheka. "Hilo tu?" Akajilaza kwenye kiti, akaanza. Alikuwa msimuliaji hodari, hilo hakuna awezaye kumnyima. Theluji ilianguka, ngazi zililia chini ya miguu, Gerson akasahau tena kuandika. Mama Clara akaingia na birika na vikombe, akamimina, na badala ya kutoka akasimama kusikiliza.

"Daktari ndiye pekee aliyemshuku," Baltazar akaendelea. "Alipomvizia ngazini, Margaret akamsukuma. Masikini, akafa pale pale. Lakini polisi walikuwa wamekwisha kupata barua yake. Margaret akatoka nje akiwa na pingu, hakuangalia nyuma."

"Margaret ndiye nani?" Mama Clara akauliza.

"Yule nesi, mama."

"Nesi yule ni Sista Pendo."

Baltazar akamtazama, kisha akamtazama Romana, akatabasamu kama anayeomba amwondolee kero. Romana alikuwa akikoroga sukari.

"Na pingu za nini?" Mama Clara akaendelea.

"Si ndiye muuaji?"

Mama Clara akaliweka birika chini. "Baba, msingizie mwingine. Sista Pendo hakuua. Aliyeua ni Dokta Mapembe, na aliteleza mwenyewe ngazini, hakuguswa na mtu. Mimi nilikuwa mbele, nimelia mpaka khanga ikalowa. Wewe ulikuwa unatazama picha gani?"

"Mama, hukuelewa. Picha ile ni ya Kiingereza. Ninyi mlikuwa mnamsikiliza yule mpiga kelele wa kipaza sauti." Akamgeukia Romana. "Mimi nilisoma, Mama Goodness. Sikuhitaji tafsiri. Nilikuwa nawasikiliza wenyewe."

"Uliwasikia vizuri?"

"Kila neno."

"Jina la Margaret ulilisikia?"

"Wanamwita karibu kila dakika."

Romana akaweka kijiko kwenye sahani. "Mama Clara, asante kwa chai. Unaweza kwenda." Alisubiri mlango ufungwe. "Baba, Dominiko ana spika moja tu. Marseli anaposema, picha haina sauti. Leo nimeketi pale tangu mwanzo hadi mwisho, sikusikia hata mlango wa kizungu ukigongwa. Umesikia wapi jina la Margaret?"

Baltazar akakaa wima.

"Na pingu umeziona wapi? Mikono ya yule nesi imefunikwa koti. Katika Babati yote, kila aliyekaa katika banda lile anaamini yule mwanamke amekwenda kupandishwa cheo. Wewe peke yako ndiwe unayejua kwamba alikamatwa. Nawe ulimwambia koplo kwamba hujapata kuiona picha hii kabla ya Jumamosi."

"Nilitoka kidogo. Tumbo lilikuwa linanisumbua. Yapo mambo yaliyonipita."

"Ulitoka kabla Marseli hajafungua kinywa. Katika maneno yake ya kwanza kabisa limo jina la Sista Pendo, na wewe hata jina hilo limekuwa geni kwako hivi sasa." Akafungua gazeti, rungu likaonekana. Kisha akaweka kiganja chake mezani, kando yake. "Dominiko alikuonya usifumbe mkono mapema?"

Macho ya Baltazar yalikwenda kwenye doa, yakaenda kwenye kiganja cha sajini, na bila yeye mwenyewe kukusudia mkono wake wa kulia ukateremka chini ya meza.

"Kiwanja ni cha kaka yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sabaha alikuwa hana hata mtoto wa kumrithisha. Nilikwenda kuzungumza naye tu."

"Rungu ulilichukua nyuma ya mlango wa geti kabla ya kuzungumza, au baada?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imeishia pale mezani, mbele ya kikombe cha chai ambacho hakukigusa.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Inspekta Theodory alisimama pale kwa muda, miwani mkononi. "Koplo," akasema, "tafuta kibali cha kupekua nyumba ya huyu bwana. Leteni deki na diski zake zote. Halafu nipe jalada la Ntutu nibadilishe jina." Alipompita Romana alipunguza hatua. "Sajini, hilo doa nililitia sahihi mimi kwamba ni dawa ya mifugo."

"Ndiyo, afande."

"Liandike upya, na uandike kwamba nilikosea."

Jua lilikuwa limekwisha kuondoka sehemu za chini za mji, limebaki juu ya mlima Kwaraa tu, Ntutu alipotolewa. Nalotuesha aliinuka kwenye benchi, hakukimbia, alimfungua tu mtoto mgongoni na kumkabidhi baba yake. Seleyian akamvuta sikio. Wakasimama hivyo.

Kisha Ntutu akamfuata Romana mlangoni. "Mama, rungu langu?"

"Litabaki, Baba Seleyian. Lina ushahidi wa kutoa mahakamani."

Akaitikia kwa kichwa. "Mle ndani nilimsikia yule koplo akimwambia mwenzake kwamba aliyenitoa ni Sista Pendo. Mimi simfahamu. Yuko hospitali gani, nimpelekee maziwa?"

Romana akafumba kiganja chake, kiboko akiwa ndani.

"Hayuko hospitali," akasema. "Yuko kwa Dominiko, nyuma ya stendi. Nenda Jumamosi, na uketi mbele."